Nyoka wa Ng'ambo

Kambi ya wachumaji, Bonde la Pajaro, Kalifonia
14 Aprili 1996

Dada Frosi,

Barua yako nimeisomea chooni, maana ndiko mahali pekee katika kambi hii ambapo mtu huachwa peke yake. Nilipofika kwenye ule mstari wa nyoka nikapiga kelele mpaka jirani wa chumba cha pili akaja kugonga mlango. "We Foro, umeumwa na nini humo?" Nimeumwa na nyoka, nikamwambia. Nyoka aliyekufa zamani.

Hebu niyarudie maneno yako nione kama nimeyaelewa, kwa sababu mimi shule niliiacha njiani. Unasema huyo Daktari Ibarrola, aliyetumwa na serikali kuchunguza nyoka wa ziwa letu, amemaliza kazi. Ameandika kwamba nyoka wa maji aliowakamata ni wale wale wa maziwa mengine yote ya Michoacán. Na yule mmoja tu aliyekuwa tofauti, yule Mshipi aliyemo kwenye chupa ya dawa ya magoti ya Mama, ameandika kuwa ni mgeni. Kwamba aliletwa kutoka Marekani. Kwamba aliyemleta ni mimi.

Mimi!

Frosi, mimi mpaka niliuvuka kwa tumbo, chini ya waya, na nilichobeba ni galoni ya maji na picha ya Bikira. Tena hiyo ilikuwa kuja. Kurudi sijarudi. Sasa nyoka huyo ningemleta lini? Ningemtia kwenye bahasha nikambandika stempu kichwani?

Nyoka yule nilimkamata kwa mkono wangu huu pale kwenye chemchemi, kabla ya kuondoka, Mama alipokuwa analia magoti. Nilimtia kwenye pombe ya miwa nikaifunga chupa kwa gunzi la mahindi. Wewe mwenyewe ulinishikia chupa, umefumba macho na kulitaja kila jina la mtakatifu unayemjua.

Halafu kwa sababu ya uongo huu Don Baudelio amepewa ruhusa ya kuweka pampu kwenye chemchemi, amwagilie mashamba yake ya stroberi. Stroberi! Huku nainamia stroberi tangu giza la alfajiri mpaka mgongo unakataa kunyooka, na bado zimenifuata nyumbani kunywa maji yetu. Chemchemi ikikauka matete yatakufa. Matete yakifa, wewe na wanawake wenzako mtasuka mikeka kwa nini? Kwa nywele zenu?

Nataka jina. Ni ng'ombe gani aliyemwambia daktari kwamba nimeleta nyoka kutoka Marekani?

Ndugu yako,
Crisóforo Anguiano


San Lesmes
2 Mei 1996

Foro, mdogo wangu,

Usipige kelele chooni, watakufukuza. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula. Tafadhali usimwandikie lolote kuhusu nyoka. Magoti yanamtosha.

Jina unalolitaka silijui. Siku ile watu wengi waliingia na kutoka hapa nyumbani. Tuliache hilo.

Nikueleze mkutano ulivyokuwa. Daktari ni kijana mrefu, mwenye haya, anayezungumza huku anaangalia viatu vyake. Alituambia kwamba kila mnyama ana jina la kwanza na la pili. La kwanza ni la ukoo mzima wa nyoka hawa wa mistari, la pili ni la aina yenyewe. Ila aina moja ikitengwa mahali fulani kwa muda mrefu, mpaka ikapata sura yake na magamba yake, wataalamu huiongezea jina la tatu. Hiyo wanaiita nususpishi.

Doña Pánfila, ambaye hajawahi kunyamaza kwenye mkutano wowote, akainuka. "Yaani kama sisi. La kwanza la mtu mwenyewe, la pili la baba, la tatu la mama."

Daktari akatabasamu. "Hasa, mama. Naweza kusema hivyo."

"Sasa nyoka wetu mbona umemnyima mama?"

Watu wakacheka, lakini jambo lenyewe halichekeshi. Nyoka wa majina mawili yuko kila ziwa, kwa hiyo serikali haizuii pampu kwa ajili yake. Angekuwa na jina la tatu, wa hapa tu na si pengine, ruhusa isingetoka. Kinamasi chetu chote kinaning'inia kwenye neno moja.

Nikasimama, Foro. Mimi, ambaye hata kusoma misani naona aibu. Nikasema, "Daktari, yule wa kwenye chupa ni wa chemchemi. Sisi tunamwita Mshipi kwa sababu yuko kama mishipi tunayojifunga kiunoni, mistari na vidirisha vyeusi. Bibi zetu waliufuma mgongo wake kabla wewe hujazaliwa."

Don Baudelio akadakia kutoka nyuma, kofia kichwani kama yuko sokoni. "Leo ni wa chemchemi? Juzi alikuwa wa Marekani! Haya, hata nyoka wa San Lesmes ana ndugu anayemtumia dola!"

Walicheka, Foro. Hata watu wetu walicheka.

Nikamwambia, "Basi mfungulie daktari geti lako akatafute mwenyewe."

"Kwenye stroberi zangu hapiti mtu na fimbo ya nyoka, Doña Frosi. Mikeka nunueni ya plastiki, haiozi."

Daktari alisema ripoti imeshapelekwa, na kwamba neno letu la leo linapingana na neno letu la jana. Kisha akapanda basi akaenda zake. Pampu wameileta juzi kwa trekta.

Dada yako,
Eufrosina


Bonde la Pajaro
19 Mei 1996

Kwa Daktari Leandro Ibarrola,

Hunijui, lakini jina langu umelichapa kwenye ripoti yako, kwa hiyo nadhani nami naruhusiwa kukuandikia. Mimi ndiye yule mwanamume anayetembea na nyoka mipakani.

Nakuuliza swali la mtu mjinga. Mtu anayekimbia usiku jangwani, anayeogopa hata kukohoa, anapata wapi nafasi ya kufuga nyoka? Na kwa nini amchukue nyoka wa Wamarekani ampeleke kwenye kijiji ambacho nyoka wanaingia mpaka jikoni? Umesoma miaka mingi, Daktari, na hilo hukujiuliza?

Sikupingi kwenye magamba. Sijui kuyasoma. Ninachojua ni alikotoka, kwa sababu mkono uliomtoa majini ni huu unaoandika. Ningekuwa hapo ningekuambia. Hukuniuliza, wala hukumwomba dada yangu anwani yangu. Umeona ni rahisi kumfanya mchumaji kuwa mwizi wa nyoka kuliko kununua stempu.

Dada yangu ananieleza habari ya jina la tatu. Nikuambie kitu. Huku kampuni imeniandika Crisóforo Anguiano basi. Tzintzun, jina la mama yangu, limekatwa, kwa sababu kadi yao haina nafasi. Wananiita kwa jina la baba, ambaye sikumjua vizuri, na yule aliyenilea hayumo. Kwa hiyo najua anavyojisikia nyoka aliyekatwa jina. Mimi walinikatia huku ugenini. Yeye umemkatia kwao.

Nani aliyekuambia uongo ule? Nipe jina lake.

Crisóforo Anguiano


Jiji la Meksiko
7 Juni 1996

Bwana Anguiano,

Nimeisoma barua yako nikaudhika, na nitakuambia kwa nini.

Sikubuni chochote. Miaka yote niliyofanya kazi hii nimengoja kukutana na nyoka kama yule. Nilipoiinua chupa ile kwenye dirisha la nyumba yenu niliigeuza tena na tena. Hana mistari ya ubavuni ambayo wenzake wote wa ziwa wanayo. Magamba ya katikati ya mwili yana safu pungufu. Midomo yake imetiwa weusi ambao sijauona kwa nyoka mwingine wa nyanda hizo. Niliona jina la tatu limekaa mbele yangu ndani ya pombe ya miwa.

Kisha nikauliza swali la lazima, kwa sababu nyoka bila mahali alikotoka hana thamani kwa sayansi. Nilimwuliza mama yako. Haya ndiyo majibu yake, kama yalivyotoka:

"Huyu nani alimleta?"

"Foro, mwanangu. Alimleta kutoka ng'ambo."

"Na Foro yuko wapi nikamwulize?"

"Yuko ng'ambo."

Dada yako alikuwa jikoni anapindua tortila, alisikia. Hakuna aliyenisahihisha. Sasa niambie, Bwana Anguiano, wewe ungeandika nini? Nilitafuta nyoka wa Marekani anayemkaribia, nikampata mmoja, nikamweka yule wa chupa chini ya jina hilo. Alikaa hapo kama mguu kwenye kiatu cha mtu mwingine, lakini alikaa. Nilirudi mjini nikiwa na huzuni kuliko unavyodhani.

Siku ya mkutano kijiji kizima kilikuwa kimeshajua kwamba kuna pampu. Watu wanaoona maji yao yanaondoka wanaweza kusema lolote, na siwalaumu. Lakini siwezi kuandika neno kwa sababu linahitajika.

Leandro Ibarrola


Bonde la Pajaro
20 Juni 1996

Frosi,

Ng'ambo!

Nimecheka katikati ya mistari ya stroberi mpaka msimamizi akafikiri jua limenipiga. Nilipomaliza kucheka hasira zikarudi na ndugu zao wote.

Ulijua. Ulikuwa jikoni, ulisikia, ulijua ni Mama, na ukaniandikia "watu wengi waliingia na kutoka". Umeniacha nimwite mama yangu mzazi ng'ombe, kwa maandishi, na wino umekauka! Ungeniambia tangu mwanzo tungekuwa tumeshafika mbali. Unamficha Mama nisimkasirikie? Nimkasirikie kwa lipi? Kasema kweli tupu. Ng'ambo ya ziwa ndiko iliko chemchemi, tangu tukiwa watoto tunasema "twende ng'ambo tukakate matete". Nani San Lesmes anayeiita vinginevyo? Na mimi niko ng'ambo, hilo nalo ni kweli. Tatizo ni huyu daktari wa mjini anayedhani dunia ina ng'ambo moja tu, ile yenye dola.

Nimempelekea simu ya maandishi. Maneno ni haya: NG'AMBO YA ZIWA. SI NG'AMBO YA MPAKA. MAMA HAKUKOSEA. NENDA UKAANGALIE.

Akija, msipitie kwa Don Baudelio. Ziwa hajaliwekea geti. Mpitisheni na mtumbwi kwenye mfereji wa wakata matete, mpaka lile jiwe bapa la kufulia, pale maji ya chemchemi yanapoingilia. Mshipi nilimkuta chini ya jiwe, upande wa kivuli. Fanyeni haraka, Frosi. Pampu haingoji barua.

Na umwombee mdogo wako msamaha kwa Mama. Usimwambie ni kwa ajili gani.

Foro


San Lesmes
21 Julai 1996

Foro,

Nimemwambia Mama unaomba msamaha. Akasema, "Amefanya nini tena huyo?" Nikasema hajafanya kitu. Akasema, "Basi amefanya."

Ni kweli nilisikia. Lakini nami nilisikia "ng'ambo" nikaona ng'ambo yetu, ile ya hapo mbele. Sikujua daktari ameona nyingine. Niling'amua ripoti ilipokuja, na wakati huo Mama alikuwa anawaambia watu kwa fahari kwamba alimsaidia mtaalamu. Ningemwambia nini? Kwamba neno lake moja limeuza maji ya kijiji? Nilikasirika na wewe pia, uliyeko mbali, unayedai jina kama hakimu. Basi, nimesema.

Daktari alikuja. Alishuka kwenye basi akaja moja kwa moja mpaka kwa Mama, hakunywa hata maji, akachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Mama, yule nyoka. Ng'ambo ipi?"

Mama akamtazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. Akanyoosha kidole dirishani. "Ile pale. Kwani wewe huioni?"

"Naiona sasa, mama."

"Ununue miwani."

Doña Pánfila na mimi tukampakia mtumbwini tukamlaza chini ya matete mabichi, kwa sababu vijana wa Don Baudelio hukaa ufukweni siku hizi. Tulipokuwa tunapita mmoja akatuuliza, "Mmebeba nini leo, mama zangu?" Pánfila akamjibu, "Bwana harusi wa mjukuu wangu, unataka kumwona?" Kijana akacheka akatupungia mkono. Daktari chini alikuwa anapiga chafya.

Foro, sitaki kukueleza tulivyoikuta. Jiwe la kufulia limesimama kwenye tope. Pampu inakohoa mchana kutwa, bomba limelala juu ya matete yaliyogeuka rangi ya majani ya mahindi makavu. Pale nilipokuwa nikizama mpaka kifuani nimetembea kwa viatu. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, nilitaka kuling'ata lile bomba.

Daktari alitafuta kwa fimbo yake, polepole, kwa adabu, asipate kitu. Mimi nikaona nyasi zinatikisika upande wa kivuli, nikatia mkono. Sikufumba macho safari hii. Nilimtoa, amejikunja, na mgongo wake ni mshipi wa Mama kabisa. Nikampa daktari. Mshipi akamnyea mkono wote kwa ule uvundo wao. Unaujua, hautoki kwa sabuni. Yeye hakujali. Akawa anahesabu magamba huku midomo inacheza, anaanza tena, anahesabu, mpaka Pánfila akanong'ona, "Anasali rozari." Alipomaliza macho yake yalikuwa mekundu. Wakapatikana na wengine wawili, mmoja mwenye mimba, huyo tukamrudisha.

Alikwenda ofisi ya serikali huko Morelia hivyo hivyo ananuka. Sisi tukarudi ng'ambo kwa miguu, wanawake wote, tukakalia bomba. Don Baudelio akaja juu ya farasi. "Ondokeni, mnaniharibia mavuno kwa ajili ya nyoka wa kusugulia magoti!" Pánfila akamwambia, "Shuka tukusugue na wewe, labda roho italainika." Tulikaa pale mpaka ofisa alipokuja kuifunga pampu kwa mnyororo na lakiri. Ila amesema imefungwa kwa muda, mpaka andiko la daktari lichapishwe, na wataalamu wenzake waseme wamelikubali. Don Baudelio anasema atangoja. Na daktari ametuonya kwamba yupo mtaalamu mmoja mkubwa ambaye ameshasema Mshipi ni nyoka wa kawaida aliyebadilika rangi tu. Hajawahi kufika hapa. Hata basi letu halijui.

Bado kuna jambo la jina lenyewe. Mkutanoni Daktari alitaka kumpa Mshipi jina la profesa aliyemfundisha. Ukumbi ukawaka.

"Huyo profesa amekata matete lini?" akauliza Pánfila.

"Ni desturi tu, mama."

"Desturi ya nani? Jina la tatu ni la mama yake. Profesa wako ni mama wa nyoka?"

Daktari akasema basi, atampa jina la mahali. Akafungua kalamu. "Upande ule wa ziwa unaitwaje?"

Tukamjibu kwa pamoja, kama kanisani: "Ng'ambo."

"Hapana, jina lake hasa."

"Ng'ambo."

Akaweka kalamu chini akaufunika uso kwa mikono, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema katika Kilatini kuna neno lake, *ulterior*, maana yake wa upande wa pili, wa ng'ambo. Tukapiga kura. Kwa hiyo Mshipi, ambaye hajawahi kutoka chini ya jiwe lake, sasa anaitwa wa ng'ambo milele. Najua utakasirika.

Frosi


Bonde la Pajaro
11 Agosti 1996

Dada Frosi,

Nimekasirika, ndiyo. Jina gani hilo! Neno lililotaka kumuua ndilo mnalomvika. Miaka ijayo mtu atalisoma kitabuni aseme, aha, wa ng'ambo, kumbe si wa kwao. Na huyo mtaalamu mkubwa asiyejua basi la San Lesmes, mwambie Daktari amwandikie kwamba kama anataka kubisha aje amshike Mshipi, anuswe mkono kwanza. Na pampu iliyofungwa kwa mnyororo, msiende kulala. Mnyororo unakatwa. Lakiri inachanwa.

Lakini nimelifikiria jina hilo huku nimeinama, na kuinama huku kunampa mtu nafasi ya kufikiri. Jana nilikwenda dirishani kwa karani nikamwambia, aandike jina langu la tatu. Akasema, "Foro, kadi haina nafasi." Nikamwambia kwetu kuna nyoka amelipata lake, na yeye hana hata kidole cha kushikia kalamu. Wenzangu wakapiga miluzi. "Mwandikie nyoka jina lake!" Karani akasema sheria ni sheria. Basi nikachukua kadi nikalibana humo mwenyewe, kwa herufi ndogo, hadi pembeni kabisa. Limekatika kidogo mwishoni. Kesho wakilifuta nitaliandika tena.

Haya, Mshipi aitwe wa ng'ambo. Nimekubali. Ila mwambie Daktari, kabla hajachapisha, aeleze vizuri ni ng'ambo ipi. Asiandike vipimo tu. Aandike kwamba ni ile ambayo mtu akisimama juu ya jiwe la kufulia anaiona nyumba ya mama yake, na dirisha, na kama ni asubuhi anauona na moshi. Hiyo ndiyo ya nyoka. Ya kwangu mimi, hata nikipanda juu ya kreti zote za stroberi za bonde hili, sioni kitu.

Msalimu Mama. Mwambie ninakula.

Crisóforo Anguiano Tzintzun